Wiki moja ya Krismasi, na ratiba nyingine zilizovunjika

Ni kitambo sijaandika hapa, na sababu ya kunyamaza kwangu ndiyo habari yenyewe ya leo.

Mwaka jana mwezi wa Juni nilimwahidi Shangazi yangu programu ya kuweka hesabu za chama chao. Ni chama cha akina mama 23. Kila mmoja hutoa mchango kila mwezi, kuna mikopo, kuna riba, kuna faini za kuchelewa mkutano, na yote hayo yameandikwa kwenye daftari moja la jalada jeusi ambalo Shangazi hulificha chumbani kama hati ya shamba. Nilimwambia kwa kujiamini: "Shangazi, hii ni kazi ya miezi miwili tu, tena ya jioni." Nikachukua kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu, nikaweka alama kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano usiku, mtoto akishalala. Mwisho wa Agosti, kwisha kazi.

Agosti ikapita. Desemba ikapita. Kisha mwezi uliopita wanachama wawili wakagombana kuhusu shilingi 1,500. Mmoja anaapa alilipa, daftari linasema hakulipa, na ukurasa wenyewe ulimwagikiwa na chai. Hawa ni majirani waliolea watoto pamoja, na sasa hawasalimiani. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, ile kompyuta yako bado inapika?"

Sikuwa na jibu. Basi nikafanya kile ambacho wanaprogramu hufanya kazi inapowashinda, nikaanza kusoma kuhusu kazi za watu wengine. Nilitaka kujua wale waliotengeneza vitu vikubwa wakiwa nyumbani, baada ya kazi au masomo, walikuwa wakipangaje muda wao. Je, walikuwa na kalenda na kalamu nyekundu kama mimi? Na kama walikuwa nazo, walizifuata?

Kabla sijaendelea, neno moja. Shuleni tulifundishwa kwamba shughuli ya kujifurahisha wakati wa mapumziko huitwa uraibu. Tuliandika insha nyingi tu: "Uraibu wangu ni kusoma vitabu vya hadithi." Lakini neno hilo hilo ndilo tunalotumia kwa mtu aliyeshikwa na sigara au miraa. Zamani niliona ni kasoro ya lugha. Siku hizi naona waliotuachia neno hilo walikuwa wanajua mambo.

Tuanze na Uholanzi. Desemba 1989, Guido van Rossum alikuwa mwanaprogramu katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam. Ofisi ilikuwa ifungwe wakati wa Krismasi, lakini nyumbani alikuwa na kompyuta. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa anatafuta kitu cha kumshughulisha kwa wiki hiyo moja tu. Akaamua kuandika lugha ndogo ya programu, akichukua mawazo mengi kutoka kwa lugha ya ABC ambayo aliwahi kushiriki kuitengeneza hapo kwao, na akaipa jina la kikundi cha wachekeshaji wa runinga alichokipenda, Monty Python.

Wiki moja. Lugha hiyo ilitolewa hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1991, ikiwa toleo la 0.9.0. Huo ni muda wa miezi 14. Toleo la 1.0 lilitoka Januari 1994. Kwa hiyo ukitazama Python leo, na imejaa kila mahali hadi kwenye vitabu vya wanafunzi, ujue kwamba ni kazi ya wiki moja ya Krismasi ambayo haijakwisha.

Sasa utasema huyo hakuwa na ratiba, alikuwa anapitisha wakati. Sawa. Tumchukue mtu makini zaidi, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kama kuna mtu duniani ambaye ungemwamini akikuambia programu itachukua muda gani, ni yeye, maana ndiye aliyekuwa akiandika ile safu ya vitabu vya The Art of Computer Programming. Machi 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu cha pili katika safu hiyo. Wachapishaji walikuwa wameacha kupanga herufi za risasi na kuingia kwenye mitambo mipya ya picha, na kurasa zilikuwa mbaya kiasi kwamba hakutaka jina lake liwekwe juu yake. Akaamua kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga maandishi ya vitabu. Mei mwaka huo tayari alikuwa ameandika maelezo ya kwanza ya programu hiyo, ambayo tunaijua kama TeX.

Mpango wake ulikuwa nini? Mwaka 1978 alikuwa na likizo ya utafiti. Angemaliza TeX katika likizo hiyo, kisha arudi kwenye vitabu vyake. Kweli mwaka 1978 programu ilifanya kazi. Lakini watu wakaanza kuitumia, wakataka hiki na kile, naye akaona mambo ambayo angeyafanya tofauti. Ikabidi aiandike upya yote, na hiyo ndiyo TeX ya 1982. Tena kulikuwa na herufi zenyewe za kuchora, kwa hiyo akatengeneza na programu nyingine kando, METAFONT. Toleo la 3, ambalo alisema ndilo la mwisho kuongezwa vitu vipya, lilitoka mwaka 1990. Likizo ya mwaka mmoja ilikuwa imegeuka kuwa zaidi ya miaka kumi. Na kile kitabu cha nne alichokuwa anakimbilia kurudi kukiandika? Sehemu yake ya kwanza ilitoka kwa jalada gumu mwaka 2011.

Ninachompendea Knuth ni kwamba aliandika kila kosa. Tangu siku ya kwanza ya kuijaribu programu mwaka 1978 aliweka daftari la kila badiliko alilofanya, na mwaka 1989 akalichapisha katika makala aliyoiita The Errors of TeX. Makosa na mabadiliko hayo ni zaidi ya 850, moja baada ya jingine, pamoja na yale ya kuaibisha. Ni watu wangapi katika kazi yetu wanaweza kufanya hivyo? Mimi makosa yangu nayafuta kabla mke wangu hajapita nyuma ya kiti.

Nilipofika hapo nilianza kujisikia nafuu, nikajua nafuu hiyo ni hatari. Nikatafuta kama kuna mtu amelichunguza jambo hili kwa hesabu. Wapo. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika miaka ya 1970 kuhusu tabia ya binadamu ya kukadiria kazi yake kana kwamba hakuna kitakachoharibika. Kisha mwaka 1994 wanasaikolojia watatu, Buehler, Griffin na Ross, wakawauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza kwa siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 33.9. Wakawauliza pia: mambo yote yakiharibika kabisa, je? Wakasema siku 48.6. Muda halisi waliotumia ulikuwa wastani wa siku 55.5. Hebu tazama tena hizo namba. Hata walipoambiwa wafikirie mabaya yote, bado walikuwa na matumaini mno. Na hao hawakuwa na mtoto wa miaka miwili wala stima ya kupotea saa mbili unusu usiku.

Haya, sasa tufike Helsinki, ambako ndiko nilikaa muda mrefu zaidi katika usomaji wangu.

Hadithi ya Linux mnaijua kwa juu juu. Wengine wetu tuliingia huko kupitia zile CD za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta kati ya 2005 na 2011. Mimi niliagiza tano, nikagawa nne, na ya tano ninayo mpaka leo. Lakini sikuwahi kuitazama hadithi hiyo kama hadithi ya ratiba. Ukiitazama hivyo inakuwa kitu kingine.

Tarehe 5 Januari 1991, mwanafunzi wa miaka 21 anayeitwa Linus Torvalds alinunua kompyuta ya aina ya 386 yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Alinunua kwa mkopo, wa kulipa polepole kwa miaka mitatu. Alikuwa anaishi na mama yake na dada yake katika nyumba ya ghorofa. Aliagiza Minix, mfumo mdogo wa kufundishia uliotengenezwa na Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, na wakati akisubiri disketi zifike kwa posta alicheza mchezo wa Prince of Persia. (Tazameni jinsi mradi mkubwa unavyoanza.)

Hakuwa na mpango wa kuandika mfumo endeshi. Hapa ndipo palinishangaza. Alichotaka kwanza ni kuielewa chipu ya kompyuta yake mpya, hasa jinsi inavyoweza kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Akaandika programu yenye kazi mbili, moja inaandika herufi A kwenye skrini, nyingine inaandika herufi B. Akiona A nyingi, kisha B nyingi, kisha A tena, anajua kuhama kunafanyika. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Kisha akataka kuingia kwenye kompyuta ya chuo kwa simu akiwa nyumbani, kusoma barua na majadiliano. Akaona zile kazi mbili zinaweza kubadilishwa. Moja isome kibodi na kupeleka herufi kwenye modemu, nyingine isome modemu na kupeleka herufi kwenye skrini. Sasa A na B zimekuwa programu yenye faida. Halafu akataka kupakua mafaili kutoka chuoni na kuyahifadhi. Ili kuhifadhi lazima uweze kuandika kwenye diski, kwa hiyo akaandika sehemu ya kuendesha diski. Ukiandika kwenye diski lazima ujue faili liko wapi, kwa hiyo akaandika mfumo wa mafaili unaoelewana na ule wa Minix. Kufikia hapo, bila kupanga, alikuwa na nusu ya mfumo endeshi mikononi.

Julai 3, 1991 aliuliza kwenye kikundi cha majadiliano cha Minix mahali pa kupata maelezo ya POSIX, yaani kanuni zinazosema mfumo wa aina ya Unix uitikie miito gani kutoka kwa programu. Mwishowe alitumia vitabu vya maelezo vya kompyuta za Sun vilivyokuwa chuoni. Lakini hakuchukua orodha nzima na kuanza kuitekeleza kutoka juu hadi chini, kama ambavyo mimi ningefanya (na kama nilivyofanya na programu ya chama, mtaona). Alichukua programu moja, bash, ile inayopokea amri za mtumiaji, akajaribu kuiendesha juu ya kitu chake. Bash ikiita huduma ambayo hajaiandika, kompyuta inamwandikia kwenye skrini kwamba mwito fulani haupo. Anauandika huo. Anaiendesha tena. Inakwama mbele kidogo. Anauandika unaofuata.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Mtu huyu hakuwa na orodha ya kazi ukutani. Programu aliyotaka kuitumia ndiyo iliyomwandikia orodha ya kazi, kwa mpangilio ambao zinahitajika, na haikumwandikia hata moja isiyohitajika.

Agosti 25, 1991 alituma ule ujumbe maarufu, akiwaambia watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, ni uraibu tu, hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu. Alisema umekuwa ukiiva tangu Aprili, kwamba bash na kompaila ya gcc tayari zinafanya kazi, na kwamba anatarajia kupata kitu cha kutumika katika miezi michache. Akaongeza kwamba hauwezi kuhamishiwa kwenye kompyuta za aina nyingine, na huenda hautawahi kukubali diski za aina nyingine isipokuwa ile aliyonayo yeye, kwa kuwa ndiyo pekee aliyonayo.

Watu hucheka wakisoma hayo leo, kwa sababu kiini cha Linux kiko ndani ya kila simu ya Android iliyo mifukoni mwetu kwenye matatu. Mimi nasoma tofauti. Huo ulikuwa mpaka wa kazi. Diski moja, chipu moja, kompyuta iliyo mbele yangu. Aliandika mambo ambayo hatayafanya, na hilo ndilo lililofanya "miezi michache" liwe neno lenye maana.

Na kwa kipimo hicho alifika. Septemba 17, 1991 toleo la 0.01 liliwekwa kwenye seva ya ftp.funet.fi, likiwa na mistari 10,239 ya msimbo. Yeye alitaka liitwe Freax. Ari Lemmke, aliyekuwa akisimamia seva hiyo, ndiye aliyelipa folda jina la linux, na tumshukuru. Toleo la kwanza halikutangazwa kwa umma. Lililotangazwa ni la 0.02, tarehe 5 Oktoba.

Baadaye mwaka huo ajali ikatokea. Alitaka kuiambia modemu ipige simu chuoni, akakosea jina la kifaa, na amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski, pale pale palipokuwa na Minix. Minix ikafa. Angeweza kuiweka upya. Akaamua hapana, kuanzia sasa atafanyia kazi ndani ya kitu chake mwenyewe. Ratiba gani ingekuwa na siku ya kufuta diski? Lakini siku hiyo ilisukuma kazi mbele kuliko jioni nyingi za kupangwa.

Krismasi ya 1991, mtu mmoja Ujerumani mwenye kompyuta ya megabaiti 2 tu alilalamika kwamba hawezi kujenga kiini chenyewe kwa sababu kumbukumbu haitoshi. Linus mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Hata hivyo alitumia siku chache za sikukuu kuandika sehemu ya kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski nafasi inapojaa. Minix haikuwa na kitu hicho, na ndipo watu wengi wakaanza kuhamia Linux. Tena ni kazi ambayo haikuwa kwenye mpango wowote. Ilikuja kwa sababu kuna mtu mmoja alikuwa anatumia kitu ambacho hakijakamilika, akasema kinamuuma wapi.

(Kichekesho kidogo. Januari 1992 Tanenbaum alimshambulia hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati, na katika mabishano yale alieleza kwamba kwake yeye Minix ni uraibu wa jioni, akichoka kuandika vitabu na runinga haina jambo kubwa. Kwa hiyo ule mgogoro mkubwa wa mifumo endeshi ulikuwa kati ya uraibu wa jioni wa profesa na uraibu wa usiku wa mwanafunzi.)

Sasa njooni kwenye sehemu inayouma. Januari 1992 lilitoka toleo la 0.12. Machi mwaka huo lilifuata toleo gani? La 0.13? Hapana. Lilitoka 0.95. Orest Zborowski alikuwa amefanikisha kuleta mfumo wa madirisha wa X kwenye Linux, na Linus akaona kazi imebaki kidogo tu, tuseme asilimia tano, akarusha namba mbele. Toleo la 1.0 lilikuwa karibu kama lango la nyumbani.

Alikuwa amesahau mtandao. Kuziunganisha kompyuta kulionekana jambo la kuongeza tu mwishoni. Ross Biro akaanza sehemu hiyo, Fred van Kempen akaichukua, Alan Cox akaichukua tena, na ilikula karibu miaka miwili. Namba nazo zikawa zinaisha. Ikaja 0.96, 0.97, 0.98, na Desemba 1992 ikafika 0.99. Baada ya 0.99 unaenda wapi bila kusema 1.0? Wakaanza kuongeza namba ndogo ya viraka pembeni, kiraka cha kwanza, cha pili, hadi cha 15, na mwishoni wakawa wanaongeza na herufi za alfabeti baada ya namba. Ni kama yule fundi anayekuambia nyumba imebaki rangi tu, kila mwezi.

Linux 1.0 ilizinduliwa Machi 14, 1994 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na msimbo ulikuwa mistari 176,250. Kwa hiyo ile asilimia tano ya mwisho ilichukua miaka miwili kamili, wakati zile 95 za kwanza zilichukua kama mwaka na miezi michache.

Muda huo ulitoka wapi? Jioni hazianguki kutoka mbinguni. Linus aliingia chuo mwaka 1988, na katikati akaenda jeshini kama vijana wengine wa Ufini. Shahada yake ya uzamili aliipata mwaka 1997, kwa tasnifu kuhusu Linux kama mfumo unaoweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine (ndiyo, ule ule ambao hauwezi kuhamishwa). Na ile kompyuta ya mkopo? Watumiaji wa Linux walichanga fedha kupitia mtandao, mmoja wao Peter Anvin akisimamia mchango, deni likamalizwa. Mama yake ndiye aliyempa nyumba na chakula. Katika historia za teknolojia hayo huandikwa mstari mmoja, lakini mimi mwenye kulipa kodi ya nyumba kila tarehe tano nayasoma kwa makini sana.

Nilipomaliza kusoma nikaenda kuitazama kalenda yangu ya mwaka jana, ambayo bado iko nyuma ya mlango. Wiki ya kwanza: kuchagua lugha ya kuandikia. Wiki ya pili: muundo wa kuhifadhi data kwa ajili ya michango, mikopo, faini, hisa, na "vyama vingine siku za usoni". Vyama vingine! Shangazi ana chama kimoja. Wiki ya tatu na ya nne: mfumo wa kuingia kwa nywila, wenye ngazi tatu za watumiaji. Mtumiaji ni Shangazi peke yake, na nywila yake najua tayari itakuwa jina la mjukuu. Wiki ya tano: ripoti zenye michoro ya rangi. Risiti za michango, kitu ambacho kingezuia ugomvi wa shilingi 1,500, nilikuwa nimeziweka wiki ya nane, chini kabisa, kwa sababu ni rahisi. Sikuwahi kufika wiki ya nane. Kati ya Jumanne na Alhamisi 18 nilizozungushia alama hadi mwisho wa Agosti, nilihesabu nane nilizofanya kazi kweli, na tatu kati ya hizo nilibadilisha rangi za vitufe.

Kwa hiyo nilimpigia Shangazi simu nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Akina mama wakifika mkutanoni, kitu cha kwanza unachofanya ni kipi? Akasema: "Napokea pesa, naandika jina, naandika kiasi, naye anaweka sahihi. Kisha tunakunywa chai." Nikamuuliza cha pili. "Mwanangu, cha kwanza hujanifanyia, cha pili cha nini?"

Tangu Jumapili nimeandika ukurasa mmoja tu. Una nafasi ya jina, kiasi na tarehe, na kitufe kimoja ambacho kikibonyezwa mwanachama anapata ujumbe mfupi kwenye simu yake kwamba mchango umepokelewa. Hauna nywila. Haujui mkopo ni nini. Umeandikiwa laptopu moja, ile ya zamani niliyompa Shangazi, na kwenye laptopu nyingine sijaujaribu. Jana usiku ulikubali majina 22 na kukataa la 23, kwa sababu mama huyo jina lake lina alama ya kidoto cha juu katikati, na hilo nimeliandika kwenye daftari langu jipya kama kosa namba moja.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi. Nimeambiwa nije na chaja, na waya wa kuongezea pia, kwa kuwa soketi ya sebuleni iko upande wa jokofu. Wale wawili wasiosalimiana wote wamesema watakuja.